Ngeli za Kornisi: Sarufi Fupi ya Kingo za Juu za Kigali

Utafiti huu umefanyika kwa vifaa vitatu: daftari, shingo na pikipiki ya kukodi. Kifaa cha tatu ndicho kilicholeta dosari ya kwanza. Abiria wa moto, kama pikipiki hiyo inavyoitwa mjini Kigali, lazima avae helmeti, na helmeti ya abiria siku zote imetengenezwa kwa kichwa cha mtu mwingine. Humshukia hadi kwenye nyusi na kumfichia kila kilicho juu ya ghorofa ya kwanza. Kwa wiki mbili nilikusanya taarifa safi kabisa kuhusu mageti ya Kimihurura. Ikabidi nishuke, nitembee.

Na kutembea Kigali kuna neema yake kwa mtafiti wa kingo za juu. Mji umekaa vilimani. Nyumba usiyoiona utosi ukiwa getini, panda barabara ya pili utatazamana nayo macho kwa macho. Panda ya tatu, utaona na kilichofichwa nyuma ya utosi huo. Mwenye nyumba hulipia sura ya mbele. Ya nyuma huwa yetu sisi majirani wa juu, bila malipo.

Kornisi, kwa asiyeifahamu kwa jina, ni ule ukingo unaotokeza pale ukuta unapokaribia kuwa paa. Fundi wa Kigali ataiita urembo basi, au mkanda. Na ile ya ndani, ya jipsamu, inayozunguka dari, humezwa kwenye bei ya plafo bila kutajwa. Wagiriki na Warumi walikuwa na jina kwa kila mkunjo wake. Mkunjo wa juu kabisa, uliokuwa ukipokea maji ya paa, unaitwa sima. Nilipokutana na neno hilo nilifunga daftari kwa muda. Kwa Kinyarwanda, sima ni saruji. Kwa Mkenya, sima ni ugali. Kwa hiyo mtu anaweza, bila kuvunja kanuni ya lugha yoyote, kufinyanga sima kwa sima huku akingojea sima, na hakuna kinachomzuia kufanya hayo yote Kibagabaga kabla ya saa saba mchana.

Walionitangulia katika fani hii walitumia mfumo mwingine. Mwaka 1562 Mwitaliano Vignola alichapisha kitabu kilichopanga majengo yote ya heshima katika mitindo mitano: wa Toskana, wa Kidoriki, wa Kiioniki, wa Kikorintho, na ule mseto. Kila mtindo ulipewa nguzo yake, kichwa chake na kornisi yake, kwa vipimo visivyokubali mjadala. Niliubeba mfumo huo hadi Nyarutarama nikauvunja siku ya kwanza. Nyumba ya kwanza ilikuwa na miguu ya Kidoriki, mabega ya Kiioniki, na kofia ambayo baba yake hajulikani. Ya pili ilikuwa na nguzo nne barazani, kila moja na kichwa cha namna yake, kana kwamba mwenye nyumba aliletewa sampuli achague moja, akasahau kurudisha zilizobaki.

Nikateremka mtaa wa Waswahili wa Biryogo kunywa chai na kutafakari. Ni huko ndiko nilikopata mfumo ninaouwasilisha hapa. Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi Rwanda mwaka 2017, lakini Biryogo hawakuwa wakingoja tangazo. Na lugha yao, kama Kinyarwanda kilicho jirani yake, haiwezi kutaja kitu bila kwanza kuamua ni cha ngeli gani. Wajerumani hugawa vitu kuwa vya kiume, vya kike na vya katikati. Sisi tuna ukumbi mpana zaidi. Kwa nini basi tuazime mitindo mitano ya Vignola wakati ngeli tunazo, na tunazitumia hata tukiagiza mshikaki?

Kabla ya ngeli yenyewe, historia kidogo, kwa sababu Kigali ina jambo lisilo la kawaida: ina kornisi bila kuwahi kuwa na enzi ya kornisi. Richard Kandt alikiweka kituo cha Wajerumani hapa mwaka 1907. Wabelgiji walipochukua nchi waliitawala Ruanda-Urundi wakiwa Usumbura, Bujumbura ya leo, na Kigali ikabaki kituo kidogo cha njiani. Ilipofanywa mji mkuu wakati wa uhuru, mwaka 1962, ilikuwa na watu wapatao 6,000. Nairobi wakati huo ilikuwa na mahakama zake zenye nguzo, na maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931 ikiwa na safu ya nguzo mbele kama hekalu lililopotea njia. Zanzibar ilikuwa na Beit al-Ajaib tangu 1883. Kigali hakuna mkoloni aliyeona sababu ya kuijengea benki yenye meno. Kwa hiyo kornisi za Kigali karibu zote ni za raia: za mwenye nyumba, mwenye hoteli, mwenye ukumbi wa harusi. Hazikuletwa na serikali. Zililetwa na picha kwenye simu.

Ngeli ya kwanza na yenye wakazi wengi ni LI-YA. Humu wamo meno, mayai, majani na matone.

Meno ni vile vipande vya mraba vilivyopangwa kwa safu chini ya ukingo, na mwanya kati ya kimoja na kingine. Vitruvius, mjenzi Mrumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, anasema katika kitabu chake cha nne kwamba meno yalianza kama ncha za mbao ndogo za paa zilizokuwa zikichungulia nje ya ukuta. Hekalu la mbao lilipogeuzwa kuwa la mawe, mchongaji alizinakili ncha zile kwenye jiwe, kama mtu anayehamia nyumba mpya akaning'iniza ukutani ufunguo wa nyumba ya zamani. Kutokana na hilo Vitruvius anatoa amri: usiweke meno kwenye pembetatu ya mbele ya jengo, kwa kuwa mbao za paa huteremka kuelekea pembeni, hazitokezi mbele, na kisichoweza kutokea katika kazi ya kweli kisionekane katika nakala yake.

Nimetafuta Kigali nzima jengo lenye meno linalotii amri hiyo. Kumbi za harusi ndizo waasi wakuu: meno hupanda upande mmoja wa pembetatu, yakapinda kileleni, yakateremka upande wa pili, na nyuma yake hakuna hata mti mmoja, kuna kenchi za chuma. Lakini naomba Vitruvius anisikilize. Yeye aliyaona meno kama mbao. Sisi tunayaona kama meno. Na kwa Mswahili uzuri wa meno hauko kwenye jino, uko kwenye mwanya. Nimepima kwa macho safu nyingi, na naweza kusema fundi mwenye kipaji hujulikana kwa mwanya alioacha: ukiwa mwembamba, safu inafanana na taji la plastiki, ukiwa mpana, ukuta mzima unaonekana kama umetoka kung'olewa.

Kuna tatizo moja kongwe katika ngeli hii, nalo ni kona. Safu ya meno inafika mwisho wa ukuta na hesabu haikutoka sawa. Fundi ana njia tatu: kulikata jino la mwisho nusu, kubana mianya mitano ya mwisho na kuomba Mungu, au kuficha kona nzima kwa bomba la maji. Njia ya tatu ndiyo ya busara kuliko zote, na nitairudia.

Mayai hukaa na mishale: yai, mshale, yai, mshale, hadi ukuta uishe. Mshale ni wa ngeli nyingine (U-I), kwa hiyo hapa tuna ndoa ya mseto, na ni ndoa iliyodumu zaidi ya miaka 2,400. Majani ni ya akantho, mmea wa miiba wa Bahari ya Kati ambao haumo katika bustani yoyote ninayoijua Rwanda. Fundi anayeyafinyanga hajawahi kuliona jani lenyewe. Ameona picha ya jipsamu iliyonakili jipsamu. Matokeo yake ni kwamba kila mji hulikaribia jani ambalo wakazi wake hula. Ninayo picha ya kornisi moja ya Kicukiro ambayo kila niliyemwonyesha amesema ni dodo, mchicha wa huku. Vitruvius huyohuyo anasimulia kwamba mtindo wa Kikorintho ulizaliwa pale mchongaji Callimachus alipoona kikapu juu ya kaburi la msichana, kimefunikwa kigae, na akantho imeota ikakizunguka. Kikapu chenye kifuniko, chenye vitu vya msichana ndani: Mnyarwanda yeyote angemwambia Callimachus kwamba hicho ni agaseke, na angemuuliza kwa nini ameyaacha majani yakue juu yake.

Matone yalinishangaza kuliko yote. Chini ya kornisi ya Kidoriki kuna safu za vijiti vidogo vya mawe vinavyoning'inia, vinavyoaminika kuwa vigingi vya enzi ya mbao, na jina lake la Kilatini, guttae, maana yake ni matone. Kutoka gutta hilo Wafaransa walipata jina la mfereji wa paa, Waingereza wakalichukua kwao, na kutoka kwa Waingereza sisi tukapata gata. Kwa hiyo gata lako la bati, lile lililopinda kwa mpira wa watoto, ni jamaa wa damu wa jiwe la hekalu la Parthenon. Kigali huliita umureko, na huko ukoo unakatika.

Ngeli ya U-I ndiyo niipendayo, kwa sababu inaenda. Vya LI-YA vinakaa kimoja kimoja; mkanda, mstari na mkunjo hukimbia ukuta mzima bila kupumzika. Na mkanda hautengenezwi kwa mikono peke yake. Fundi hukata bati kwa umbo la kornisi anayoitaka, analipigilia kwenye ubao, anafunga ufito ulionyooka ukutani uwe reli, kisha analisukuma bati juu ya lipu ingali mbichi. Msaidizi wake, anayeitwa umuyede kutokana na neno la Kifaransa la msaidizi, anakimbia mbele akitupia lipu pale ilipopungua. Mara ya kwanza bati linapita likikwangua tu. Mara ya tano au ya sita mikunjo inaanza kutokea. Mkono ukitetemeka mara moja, mtetemo huo utabaki juu ya nyumba mpaka ibomolewe. Siku hizi wengi wameiacha kazi hii. Wanabandika vipande vya lile povu jeupe linalofungashiwa televisheni, vilivyokatwa kwa mashine na kupakwa tabaka jembamba la saruji. Ukivigonga vinalia kama katoni. Sijifanyi sina upande: ninaipenda ile iliyotetemeka.

Humu pia umo mshikaki, jina ninalopendekeza kwa ule urembo wa shanga na visahani vinavyofuatana kwenye uzi mmoja. Vitabu vina jina lake, lakini mtu aliyeshinda jioni Nyamirambo ataona nyama, kitunguu, nyama, kitunguu, na sioni kwa nini sayansi imkatalie.

Na umo mgongo. Imigongo ya Kinyarwanda ni migongo yetu kwa kuondoa herufi moja. Ni sanaa ya Gisaka ya kale, Kirehe ya leo, upande wa mashariki: kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, kikainuliwa kwa vidole kuwa matuta yaliyonyooka, yakapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Simulizi humtaja mwana wa mfalme, Kakira ka Kimenyi, kuwa ndiye aliyeanza kupamba nyumba yake hivyo. Ilikuwa sanaa ya ndani, mbali na mvua, kwa sababu inayoeleweka. Leo matuta yale yamepanda. Yako juu ya hoteli, juu ya maduka, yamezunguka kingo za paa kwa vigae, kwa rangi na kwa saruji, mahali hasa ambapo Mgiriki angeweka meno. Mimi naona hapa Kigali inafanya kile alichofanya mchongaji wa kwanza wa Kigiriki, kukibeba kitu kutoka maada laini hadi maada ngumu. Tofauti ni kwamba yeye alinakili mbao, na hapa kinachonakiliwa ni zizi. Vitruvius wa mwaka 4000 atachimba magofu ya Remera na kuandika, kwa uhakika wote wa wenzake, kwamba Wanyarwanda walijenga kwa magogo yaliyochongwa pembetatu.

KI-VI nitaipita haraka. Vikombe, visahani, viguzo vya roshani, vichwa. Ki- ni kiambishi cha kudogosha, na kila kilichomo humu kinajua.

A-WA ni ngeli ya wenye uhai, na imenitia katika ugomvi. Juu ya mageti na kwenye pembe za kornisi wamekaa simba, tai na misambi, wale korongo wenye taji. Swali la kisarufi ni hili: simba wa saruji wakipata nyufa, tuseme simba wamepasuka au zimepasuka? Nililileta swali hilo mezani Biryogo, na meza ikagawanyika. Mzee mmoja alisema sanamu haina roho, kwa hiyo zimepasuka. Kijana wa Bukavu akasema kwao ni masimba, na shida imekwisha. Mama mwenye chai akauliza simba hao wanalinda nyumba au hawalindi. Wanalinda, tukasema. Basi wamepasuka, akasema, akachukua vikombe.

Nguvu ya hoja yake ilinijia baadaye. Simba wa mbuga ya Akagera walitoweka katika miaka iliyofuata 1994, na ni mwaka 2015 ndipo 7 walipoletwa kutoka Afrika Kusini. Kwa miaka yote ya katikati, simba waliobaki kazini Rwanda walikuwa wa saruji. Kuwanyima A-WA baada ya utumishi huo ni utovu wa adabu. Tena Wagiriki waliweka vichwa vya simba kwenye sima ili maji ya paa yatoke mdomoni, na kwenye pembe za Parthenon waliweka simba ambao midomo yao haikutobolewa: mapambo matupu, katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Anayedhani nguzo za uongo na mifereji ya uongo zimeanzia Nyarutarama ajue kwamba amechelewa.

Ngeli ya U-ZI ni ya kile kilicho nyuma. Ukuta unapandishwa kuzunguka nyumba ili paa lisionekane, kornisi inawekwa juu yake kama kofia, na mtu wa mtaani anaamini nyumba haina bati. Sisi wa barabara ya tatu tunaliona: limelala humo ndani, limeinamia mfereji mmoja uliojaa majani ya mparachichi. Itumba ikija, mvua ya Machi hadi Mei, mfereji unaziba, maji yanatafuta njia, na ngeli inajijaza yenyewe bila msaada wa fundi: ufa, nyufa, ukungu, uchafu mwekundu unaoteremka ukutani kama machozi ya wanja. Kuna kornisi ambazo ukungu ndio urembo wake pekee uliofanywa kwa uangalifu.

PA-KU-MU, kama kila mwanafunzi ajuavyo, ina nomino moja, mahali. Na humu nimeweka mahali ambapo kornisi ingekuwapo lakini haipo. Mnara wa Kigali City Tower unapanda vioo vitupu hadi unapokatika. Kuba la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa mwaka 2016, linateremka kwa mizingo bila ukingo wowote wa kusimamisha jicho. Lakini hili la pili lina hoja nzito nyuma yake, maana limeiga nyumba ya mfalme, kama ile iliyojengwa upya Rukari, Nyanza. Nenda ukaitazame. Nyasi zinaanzia kileleni na kushuka karibu mpaka chini. Ukuta unaoonekana ni mdogo kuliko paa. Huwezi kuuliza kornisi yake iko wapi. Nyumba nzima ni kornisi, na maji yanaanguka mbali na miguu ya aliyelala ndani.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimeipanga orodha yangu kinyume, na kwamba ngeli niliyodhani haina mkazi ndiyo iliyokuwa na mwenye nyumba. Ngeli ya KU ni ya vitenzi vilivyogeuzwa majina: kuimba, kula, kudondosha. Kornisi haikuanza kama kitu. Ilianza kama kudondosha: ukingo unatokezwa mbele ili mvua ikishateremka isiufuate ukuta, iachie, ianguke. Ili iachie, chini ya ukingo panatakiwa mfereji mdogo sana, unene wa kidole, ambao tone likiufikia haliwezi kuupanda. Mfereji huo hauonekani kutoka barabarani. Haumo kwenye picha za simu. Katika matembezi yangu yote, kwenye kornisi zenye meno, mayai, mishikaki na simba, hicho ndicho kilichokosekana mara nyingi kuliko kingine. Na ndiyo maana lile bomba la kona, lisilo na ngeli wala heshima, mara nyingi ndilo linalofanya kazi ambayo mapambo yote yaliyolizunguka yalizaliwa kuifanya.

Nilimkuta fundi mmoja mzee Rwezamenyo, karibu na Biryogo, akijenga kibanda cha duka cha mlango mmoja. Juu ya mlango alikuwa ameandaa mbao za kumwagia zege la ukingo, mpana kama kiganja, bila urembo. Ndani ya mbao, kwa chini, alikuwa amelaza unyasi mmoja mrefu ulionyooka, ameubana kwa misumari.

"Mzee, huo wa nini?"

"Zege likikauka nautoa."

"Halafu?"

"Halafu unabaki mfereji."

Nilimwuliza urembo wake unaitwaje. Akasema si urembo, ni kazi. Nikamwuliza kama anaweza kuweka na meno. Akaniambia meno anaweka, mteja akilipa, ila unyasi anauweka hata asipolipa.

Nilirudi mwezi wa Oktoba, mvua za umuhindo zimeshaanza. Duka lilikuwa limefunguliwa, linauza vocha na sabuni. Mvua ikanyesha, nikasimama chini ya ukingo ule na daftari langu, kichwa juu, nikitazama maji yakifika kwenye mstari wa unyasi, yakisita, yakiachia. Ukuta ulikuwa mkavu. Ukingo ulikuwa mpana kama kiganja tu, na mimi ni mpana zaidi. Tone la kwanza lilinipata shingoni.